Eti wenye grupu O hawapati TB? Wataalamu nisaidieni, shemeji amegoma kupimwa

#1 Mto Ruvu

Wakuu, habari za jioni. Niingie moja kwa moja.

Kaka yangu amegundulika na kifua kikuu cha mapafu. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kutambua TB, majibu yakatoka, ameanza dozi na kwa kweli anaendelea vizuri, hata hamu ya kula imerudi. Tatizo siyo yeye. Tatizo ni shemeji yangu, mume wa dada, ambaye tunaishi naye nyumba moja. Mhudumu wa afya alipokuja kutuandikisha sote tukapimwe, shemeji alimjibu kwa upole kabisa: "Mimi ni grupu O, sisi TB haitupati." Kisha akaninyooshea kidole. "Ila huyu ni AB, mpelekeni haraka."

Ana jedwali kwenye simu, limetumwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwake. Linaonyesha O "hatari ndogo", A "wastani", B na AB "hatari kubwa". Mama naye ameshaamini. Sasa mgonjwa anakula na wenzake sinia moja, mimi ninayetoka kupimwa nikaonekana sina kitu ndiye nimetengewa sahani na kikombe!

Naomba kueleweshwa. Hili jambo lina ukweli wowote au ni uzushi wa mitandaoni? Na kama ni uzushi, mbona nikitafuta naona tafiti za kweli zenye majina ya vyuo, moja inasema AB, nyingine inasema O, nyingine inasema A?

Nawasilisha.

#2 Bodaboda Mstaafu

Mimi ni O positivu na TB niliugua, nikameza vidonge miezi 6 mpaka mkojo ukawa rangi ya Mirinda. Muulize shemeji hiyo kinga yetu inagawiwa wapi, mimi walinipita.

#3 Kipilipili

Mkuu #2, mtu mmoja siyo utafiti. Na wewe mleta uzi usikimbilie kumcheka shemeji yako. Grupu za damu zina uhusiano na magonjwa, hilo limeandikwa muda mrefu. Mwaka 1953 Waingereza walionyesha wenye A wanapata saratani ya tumbo zaidi kidogo, mwaka uliofuata wakaonyesha wenye O wanapata vidonda vya tumbo zaidi. Kipindupindu kikija, wenye O ndio kinawapiga vibaya. Malaria kali inawaogopa wenye O. Juzi tu hapa, wakati wa korona, mwaka 2020 wachunguzi wa jeni huko Italia na Hispania walikuta eneo lenye jeni la ABO, chembe ya urithi inayopanga grupu la damu, linahusika na wanaozidiwa. Sasa kwa nini TB peke yake iwe haina ubaguzi?

#4 Maabara Yetu

Nafanya kazi maabara, kupanga damu na kusoma makohozi ndiyo shughuli yangu ya kila siku, kwa hiyo hili nalielezea kwa raha.

Kipilipili, yote uliyotaja ni kweli na ni vizuri umeyaleta, maana hapo ndipo jibu lilipo. Angalia hayo magonjwa moja moja, uone mdudu anagusana vipi na hiyo ABO.

Grupu la damu ni sukari tu. Karl Landsteiner aliligundua Vienna mwaka 1901 kwa kuchanganya damu za watu wa maabara yake mwenyewe na kuona zipi zinagandana. Mwenye A ana sukari ya aina moja juu ya chembe nyekundu, mwenye B ana nyingine, AB anazo zote mbili, na O hana hata moja ya hizo, amebaki na ule msingi wake mtupu. Sukari hizo hazikai kwenye chembe nyekundu tu. Ziko pia kwenye kuta za utumbo, na kwa watu wengi zinatoka hata kwenye mate. Ndiyo maana kipindupindu na baadhi ya virusi vya kuharisha vinajali grupu lako: vinafanya kazi yao palepale kwenye ukuta wa utumbo wenye hizo sukari. Malaria ndiyo usiseme, kimelea kinaingia ndani ya chembe nyekundu yenyewe.

Bakteria wa TB hana habari na chembe nyekundu. Unavuta hewa yenye vitone vidogo sana alivyokohoa mgonjwa, vinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na pale bakteria anamezwa na chembe za ulinzi zinazoitwa makrofaji. Kumezwa kwenyewe ndiko anakokutaka. Ana ukuta wa nta mzito, anakaa ndani ya makrofaji anazaana taratibu, na anayeweza kumbana ni seli T zikishirikiana na hiyo makrofaji iliyommeza. Ndiyo sababu VVU na TB vinaenda pamoja, kwa kuwa VVU inaua hizo seli T. Kingamwili za kawaida, zikiwemo zile za kupinga A na B ambazo wenye O wanazo, zinabaki nje ya mlango.

Sisemi haiwezekani kabisa sukari hizi zikawa na mchango mdogo mahali fulani, mwili una mambo mengi. Nasema njia ya kueleweka haijaonekana, na kwa malaria ilionekana.

#5 Nyota ya Kilifi

Hapo kwa malaria wacha niongeze, maana sisi huku Pwani ya Kenya tumechunguzwa hadi tukachoka, watoto wa Kilifi wametoa damu ya utafiti kwa miaka na miaka.

Mtoto wa grupu O anaambukizwa malaria kama mwingine yeyote, mbu hamuulizi. Tofauti iko kwenye kuzidiwa. Chembe nyekundu zenye kimelea huwa zinajibandika na chembe nyingine nzima zikizizunguka kama maua, na mafungu hayo yanaziba mishipa midogo, hata ya ubongo. Sukari za A na B zinasaidia kule kushikamana. Kwa O mafungu ni madogo na yanaachana haraka. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa watoto wa Mali ukaonyesha O wako na uwezekano mdogo sana wa kupata malaria kali, na data za Kilifi baadaye zikaelekea huko huko.

Sasa ona: kuna utaratibu unaoonekana kwa darubini, kuna watoto wengi waliohesabiwa, na nchi mbalimbali zinatoa jibu moja. Kwa TB mko na kipi kati ya hivyo vitatu?

#6 Kipilipili

Nakubali ya malaria. Lakini kwa TB msiseme hakuna kitu. Mwaka 1980 jarida la Human Biology lilichapisha utafiti wa wenyeji wa Alaska, wale walioitwa Waeskimo. Wenye jeni la B walikuwa na TB nzito zaidi kuliko wenye O na A. Halafu kuna tafiti chungu nzima za India na Pakistani na Mashariki ya Kati. Wote hao walikuwa wanaota?

#7 Takwimu Baridi

Hawakuota. Walihesabu kweli. Shida iko kwenye walichokihesabu na waliokilinganisha nacho. Mtaniwia radhi, hii itakuwa ndefu.

Anza na AB, maana ndiyo inayomtesa mleta uzi. Huku kwetu Afrika Mashariki, kwa makadirio ya jumla, karibu nusu ya watu ni O, robo ni A, kwenye 20 kwa mia ni B, na AB ni 4 au 5 tu kwa mia. Chukua hospitali yenye wagonjwa 100 wa TB. Unategemea kukuta AB 4. Ukikuta 8, unaandika "AB wana hatari mara mbili" na kichwa cha habari kimepatikana. Lakini watu 4 wa ziada ni nini? Kwa bahati tupu, bila sababu yoyote, AB 8 au zaidi watatokea karibu mara moja katika kila hospitali 20 zitakazofanya hesabu hiyo. Na hospitali zilizofanya hesabu hii duniani ni nyingi kuliko 20, kwa sababu ni utafiti rahisi mno: damu ya mgonjwa ipo, kupima grupu ni dakika chache, mwanafunzi anapata tasnifu yake. Wale 19 wasiokuta kitu huwa hawana haraka ya kuchapisha. Wa 20 anachapisha.

Halafu wanajaribu A, B, AB, O, kisha wanagawa kila moja kwa positivu na negativu. Hayo ni makundi 8. Ukipima mambo 8 ambayo hayana uhusiano wowote, kila moja kwa kipimo cha asilimia 5 ambacho watafiti wamezoea (yaani unakubali bahati ikudanganye mara 5 kwa 100), uwezekano wa angalau moja kukudanganya ni karibu theluthi. Ndiyo maana mleta uzi unaona huyu anasema AB, yule O, mwingine A. Kama uhusiano ungekuwa wa kweli, jibu lingejirudia.

Sasa ya kulinganisha. Wengi wa watafiti hawa wanalinganisha wagonjwa na wachangia damu, kwa sababu orodha ya wachangiaji ipo tayari benki ya damu. Mchangia damu siyo mtu wa kawaida. Ni kijana, ameshiba, haumwi, mara nyingi ni mwanafunzi wa sekondari, na mwenye O negativu anapigiwa simu kuliko mwingine yeyote. Wagonjwa wa TB wanatoka mitaa mingine kabisa.

Na kubwa kuliko yote ni makabila na koo. Grupu za damu hazijasambaa sawa. B ni nyingi India kaskazini, chache Ulaya magharibi. Chukua jiji lolote lenye wahamiaji: kama wahamiaji wanaishi kwenye vyumba vya kubanana na wana B nyingi, TB itaonekana inapenda B. Inachopenda ni chumba kisicho na dirisha. Huo wa Alaska nao ningetaka kujua, vijiji vyenye B nyingi vilikuwa na nyumba za namna gani, na TB ilifika kila kijiji mwaka gani? TB ya Alaska katikati ya karne ya 20 ilikuwa janga kati ya majanga mabaya duniani. Ukipima katikati ya moto, ni vigumu kujua nani aliungua kwa sababu ya ngozi yake na nani kwa sababu alilala karibu.

Kinyume chake, kwa wanaoshikilia O: Wayanomami wa mpaka wa Brazili na Venezuela, kama wenyeji wengi wa Amazon, karibu wote ni O. TB ilipowafikia karne iliyopita iliwapiga vibaya sana. Najua mtasema ulikuwa ugonjwa mgeni kwao, na ni kweli, lakini basi hiyo ngao ya O ilikuwa wapi?

#8 Shangazi Mkavu

Nimesoma yote. Mimi siyo msomi wa hizo asilimia, ila nina swali kwa huyo mwanangu wa maabara. Kwetu sisi TB ni ya ukoo. Babu alikufa nayo, baba mkubwa, kisha binamu zangu wawili. Na nikikumbuka wote waliopimwa damu walikuwa O. Mnasema ni bahati tu?

#9 Maabara Yetu

Shikamoo shangazi. Pole sana kwa hao wote.

Siyo bahati, na hilo swali lako ndilo kiini cha mkanganyiko wote. Grupu la damu linarithiwa. Baba O na mama O, watoto wote O. TB nayo inakaa kwenye nyumba, kwa sababu watu wa nyumba moja wanavuta hewa moja usiku kucha. Kwa hiyo vitu viwili, kimoja cha damu na kingine cha hewa, vinatembea pamoja ndani ya ukoo uleule. Ukiwahesabu ndugu wanne kutoka boma moja, umeona O nne na TB nne, utaapa kwamba vimeshikana. Boma la jirani wenye B wakiugua wao, jirani ataapa ni B. Mtafiti asiyeuliza kama wagonjwa wake ni ndugu anaingia mtego huohuo, ila yeye ana jedwali.

Kwa sababu hiyohiyo, kwa karne nyingi hata madaktari wa Ulaya waliamini kifua kikuu kinarithiwa. Robert Koch ndiye aliyewanyamazisha Berlin, tarehe 24 Machi 1882, alipowaonyesha bakteria mwenyewe. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani inaangukia tarehe hiyo.

Lakini shangazi, sitaki nikudanganye upande wa pili pia. Urithi una mchango wake katika TB, ni grupu la damu tu ambalo halijaonekana kuwa ndiyo njia. Watu wengi huingiwa na bakteria huyu na wasiugue kamwe. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa, na kati ya hao ni 5 mpaka 10 kwa mia tu watakaougua maishani. Kwa nini huyu na siyo yule? Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba pacha wa kufanana akiugua, mwenzake ana nafasi ya kuugua karibu mara mbili ya pacha wasiofanana, ingawa wote wamelelewa nyumba moja.

Kuna tukio la kusikitisha la Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930. Watoto wachanga wapatao 250 walipewa chanjo ya BCG kwa mdomo, kumbe maabara ya pale ilikuwa imeichanganya na bakteria wakali wa TB. Zaidi ya watoto 70 walikufa. Lakini wengi zaidi waliugua wakapona, bila dawa, maana dawa zenyewe zilikuwa hazijagunduliwa. Kiasi cha sumu kwenye chupa kilitofautiana, hilo lilichangia sana. Hata hivyo, wanaosoma TB bado wanarudi kwenye habari ile wakijiuliza mwili wa binadamu mmoja unajuaje kumbana mdudu aliyemshinda mwingine.

#10 Msomaji wa Usiku

Kidogo nje ya mada lakini inahusu. Hii tabia ya kutafuta ugonjwa wa kila grupu ina historia yake, na si nzuri yote.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mke na mume madaktari kutoka Poland, Hanka na Ludwik Hirszfeld, walikuwa Thessaloniki kulikojaa wanajeshi wa kila taifa, Wafaransa, Wahindi, Wasenegali, Warusi. Walipima damu za watu zaidi ya 8,000, na mwaka 1919 wakachapisha kwamba A ni nyingi Ulaya magharibi na B inaongezeka kadiri unavyokwenda mashariki. Kazi safi kabisa ya sayansi. Ila miaka michache baadaye, mwaka 1926, Otto Reche na Paul Steffan wakaunda chama cha Kijerumani cha kuchunguza grupu za damu, na kwa watu wa mrengo huo B ikageuka alama ya watu wa mashariki, watu wa chini. Enzi hizo grupu zilihusishwa na kila kitu, kifua kikuu, kaswende, wazimu, mpaka uhalifu. Mwenyewe Ludwik Hirszfeld alikuwa wa asili ya Kiyahudi, akaishia kufungiwa kwenye geto la Warsaw, na humo ndani akawa anafundisha udaktari na kupambana na homa ya chawa.

Nikiona jedwali linasema "B na AB hatari kubwa" huwa nauliza kwanza limetoka wapi.

#11 Kipilipili

Msomaji, hapo umenipeleka mbali, mimi sijasema mtu ni wa chini. Bado hoja yangu ni moja: utafiti mkubwa wa jeni kwa Waafrika haujafanyika, kwa hiyo hamuwezi kufunga faili.

#12 Takwimu Baridi

Umefanyika mkuu, na tena nyumbani.

Siku hizi hakuna haja ya kuchagua jeni moja unalolishuku. Wanapima maelfu kwa maelfu ya sehemu za kromosomu zote (vile vifurushi vinavyobeba jeni) kwa mara moja, kisha wanauliza ni wapi wagonjwa wanatofautiana na wasiougua. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa namna hiyo uliofanywa Ghana na Gambia, ukaonyesha eneo kwenye kromosomu ya 18, baadaye wakaongeza la 11. Iceland mwaka 2016 walikuta eneo la HLA, ambalo ndilo linalowaonyesha seli T adui. Na mwaka huohuo 2016 ukatoka wa Uganda na Tanzania. Huu naupenda kwa jinsi ulivyopangwa: walichukua watu wenye VVU, wanaoishi mahali penye TB nyingi, kisha wakawatazama wale ambao pamoja na hayo yote hawakuugua TB. Jibu likaelekea kromosomu ya 5, karibu na jeni la IL12B, ambalo kazi yake ni kuamsha zile seli T alizozieleza Maabara Yetu.

Jeni la ABO liko kromosomu ya 9. Linapimwa katika kila utafiti wa aina hii, kwa sababu kila kromosomu inapimwa. Katika korona lilijitokeza lenyewe bila kutafutwa. Katika TB halijajitokeza hivyo. Kama lingekuwa na nguvu ya kustahili jedwali la shemeji, lingekuwa limeshapiga kelele.

Faili la jeni za TB bado liko wazi, hata hayo maeneo niliyotaja yanabishaniwa, mengine hayakuonekana tena nchi nyingine. Ila ukurasa wa ABO ni mwembamba sana.

#13 Mto Ruvu

Asanteni sana wakuu, nimeelewa mengi kuliko nilivyotegemea. Sasa nisaidieni jambo la vitendo. Nikimwambia shemeji "kromosomu ya 9" atanicheka. Nimwambie nini? Na sahani yangu je?

#14 Nyota ya Kilifi

Sahani warudishe dadangu! TB haipiti kwa sahani, kikombe wala kushikana mikono. Fungueni madirisha, hasa chumba anacholala mgonjwa, hewa na jua viingie. Kwa vile ameanza dawa na zinamfaa, uambukizaji unashuka haraka, usimtenge naye pia.

#15 Maabara Yetu

Shemeji usibishane naye kuhusu damu. Muulize yanayojulikana.

Ana VVU au hajapima siku nyingi? Anayeishi na VVU hatari yake ya kuugua TB ni zaidi ya mara 10 ya asiye nayo. Anakunywa sana? Anavuta sigara? Ana kisukari? Amekonda, hali vizuri? Amewahi kufanya kazi kwenye vumbi la mawe? Vijana wa machimbo, kule Mirerani kwa mfano, lile vumbi la silika linaharibu makrofaji zenyewe, TB inakuta ulinzi umeshalala. Na swali la mwisho ambalo kwake jibu tunalijua: amelala nyumba moja na mgonjwa aliyekuwa anakohoa kabla hajaanza dawa? Hilo peke yake linatosha kumpeleka kliniki, awe O, awe AB, awe hajui damu yake.

Kupima ni bure na hakuumi. Atatoa makohozi, huenda na eksirei. Asipoonekana na ugonjwa anaweza kupewa dawa za kinga. Watoto wa chini ya miaka 5 nyumbani wapelekwe wa kwanza, hao hawana muda wa kusubiri ubishi wa wakubwa, na BCG waliyochanjwa wakizaliwa inawakinga zaidi na TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima, siyo ruhusa ya kukaa tu.

Kama mna mama mkwe wake au mtu anayemheshimu, yeye ndiye amwambie. Wewe shemeji mdogo utaonekana unalipiza sahani.

#16 Shangazi Mkavu

Mpeni dada namba yangu nimpigie huyo shemeji, dakika mbili tu 😂

Lakini niseme la kweli. Baba mkubwa alifia Kibong'oto, hospitali ya TB kule Kilimanjaro, enzi zile za sindano za mwaka mzima na zaidi. Hawa vijana wanaomeza miezi 6 wakapona hawajui wametolewa wapi.

#17 Takwimu Baridi

Shangazi, na hiyo miezi 6 ilijaribiwa hapahapa kwetu. Miaka ya 1970 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia lilionyesha kwamba ukiweka dawa ya rifampisini ndani ya dozi, miezi 6 inatosha badala ya 18. Kisha Mholanzi mzaliwa wa Czechoslovakia, Karel Styblo, akaja kusaidia mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma Tanzania kuanzia mwisho wa miaka hiyo ya 70, na jinsi ulivyokuwa unafuatilia wagonjwa wilaya kwa wilaya ndiyo ikawa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliuchukua miaka ya 1990 na kuupeleka dunia nzima. Katika yote hayo hakuna aliyewapanga wagonjwa kwa grupu la damu. Dozi ya O na dozi ya AB ni ileile.

#18 Kipilipili

Sawa, kwa jedwali la WhatsApp siwezi kulitetea. Ila Alaska bado inanikera, nitaendelea kuisoma.

#19 Takwimu Baridi

Isome. Ukipata walivyogawa vijiji niletee, nami nataka kuiona.

#20 Bodaboda Mstaafu

Kwa kuwa wataalamu wapo, mimi lile la kwangu. Nimeshapona kabisa, cheti ninacho. Kila nikipita kwenye hema la Damu Salama naona aibu kuingia, nahisi watanikataa kwa kuwa niliugua TB. Ni kweli damu yangu haifai tena?

#21 Maabara Yetu

Inafaa mkuu, na O positivu tunaitafuta kila siku, ndiyo watu wengi hapa nchini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba aliyeugua TB asichangie akiwa kwenye dawa, na asubiri miaka 2 baada ya kuthibitishwa amepona. Ukiwa umeshavuka hapo, ingia hemani, waambie ukweli wote kwenye fomu, wakupime wingi wa damu, uzito na presha kama mtu mwingine. Nenda na hicho cheti, watakuuliza tarehe uliyomaliza dozi.